Ngiri na nguchiro: namna ya kutunga, kuchora na kufunga kitabu cha watoto cha kurasa 24

Kazi ngumu ya kitabu cha urafiki wa wanyama wasiofanana ni kuchagua jozi. Ukikosea hapo, mchoro mzuri hautakuokoa. Wengi huchukua mkubwa na mdogo, tembo na panya kwa mfano, wakadhani wamemaliza. Picha ya kwanza huchekesha, ya pili pia, na kufikia ukurasa wa nane wanyama wamesimama tu wakitazamana kwa sababu hawana la kufanyiana.

Tafuta kitu kimoja katika mwili au mazoea ya mnyama kinachomkera mwenzake, kisha uone kama kitu hichohicho kinaweza kumfaa huyo mwenzake baadaye. Ukikipata, hadithi unayo.

Uganda ina jozi za kutosha. Ng'ombe wa Ankole na yangeyange anayemfuata nyuma akidaka panzi wanaoruka nyasi zikikanyagwa: kila mtoto wa Mbarara amewaona. Kwenye rasi ya Mweya, katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, kuna jozi nzuri zaidi: ngiri na nguchiro wenye milia. Ngiri hujilaza ubavu, nao nguchiro humpanda na kumtoa kupe mmoja mmoja wakiwala. Jambo hilo linatokea kweli, na ndiyo jozi tutakayoifuata hapa mpaka kitabu kifungwe.

Epuka jozi ambayo mmoja ni chakula cha mwenzake, isipokuwa uko tayari kujibu swali la mtoto: simba huyo rafiki wa swala anakula nini usiku? Korongo mdomo-kiatu wa kinamasi cha Mabamba na kamongo wanapendeza sana wakichorwa pamoja, ila korongo huyo humla kamongo. Angalia pia mnyama anaishi wapi. Queen Elizabeth hakuna twiga wala punda milia. Twiga wako hifadhi za Murchison, Kidepo na Ziwa Mburo, punda milia wako Ziwa Mburo na Kidepo. Mtoto wa Kasese akimwona twiga akinywa maji kwenye mfereji wa Kazinga atakwambia umekosea, na ana haki.

Usisahau miziro, yaani wanyama ambao ukoo huwaheshimu na hauwali. Katika koo za Buganda kuna wa Mmamba (kamongo), wa Nkima (tumbili), wa Ngabi (pongo), wa Ffumbe (fungo). Mnyama wa ukoo kuwa shujaa ni sawa; kumfanya mjinga wa hadithi au kumtia chunguni ni kujitafutia barua kutoka kwa wazazi. Na ngiri ni jamaa ya nguruwe, kwa hiyo ukiandikia shule yenye watoto wengi Waislamu, muulize mwalimu mapema. Akisita, rudi kwa ng'ombe na yangeyange.

Jua wanyama wako kabla ya kuwatungia

Andika kwenye karatasi moja mambo kumi ya kweli kuhusu kila mnyama. Hadithi itatoka humo. Ngiri hupiga magoti ya mbele anapokula majani. Akikimbia husimamisha mkia wima. Hulala kwenye mashimo yaliyochimbwa na mhanga, na huingia kinyumenyume ili meno yake yabaki yakitazama mlangoni. Nguchiro wenye milia huishi kwa makundi, huchimbua wadudu, na wakipata yai au konokono mwenye gamba gumu huligonga kwa kulirusha nyuma kati ya miguu yao dhidi ya jiwe. Adui yao mmoja ni tai.

Soma tena orodha hiyo. Mmoja huingia shimoni kinyumenyume, mwingine hurusha vitu kinyumenyume. Wote wawili hawaangalii nyuma! Kicheko kiko hapo, ugomvi uko hapo, na wokovu uko hapohapo kwenye meno yanayotazama mlangoni.

Majina yawe mafupi na yasianze kwa herufi zinazofanana. Ngiri na Nguchiro kama majina yatamchanganya msomaji anayeanza, hasa ambaye bado anapambana na tofauti ya ng na ng'. Sisi tutawaita Tope na Milia.

Ramani ya kurasa

Kurasa zinahesabiwa kwa nne nne, kwa kuwa karatasi moja ya A4 ikikunjwa katikati hutoa kurasa nne za A5. Kurasa 24 ni karatasi sita, ukiacha jalada. Ukurasa wa 1 ni jina la kitabu, wa 2 ni maelezo ya haki. Hadithi inaanza ukurasa wa 3 peke yake, inafuata kwa jozi kumi za kurasa zinazotazamana (4–5 hadi 22–23), na inamalizika ukurasa wa 24 peke yake. Jumla ni picha 12. Chora visanduku 12 vidogo kwenye karatasi moja, ujaze kwa penseli, bila kupamba. Kwa Tope na Milia vinaweza kuwa hivi:

Uk. 3: Tope amepiga magoti, anakula majani. Hatumwoni mtu mwingine.

Uk. 4–5: Kupe wanamuuma. Anajikuna kwenye mti, kwenye kichuguu, kwenye jiwe. Nyuma ya sikio hapafikiki.

Uk. 6–7: Milia anarusha konokono nyuma bila kutazama. Paa! Kwenye pua ya Tope.

Uk. 8–9: Tope anakimbia, mkia juu. Milia anacheka, kisha anaona kitu cheusi kilichonona nyuma ya sikio lake.

Uk. 10–11: Milia anapanda kichwani. Tope anaganda.

Uk. 12–13: Tope amelala ubavu, kundi zima la nguchiro liko juu yake. Picha moja kubwa, maneno machache au hakuna.

Uk. 14–15: Jioni. Milia amelala shimoni. Tope anaingia kinyumenyume. Puu! Wanagombana, kila mtu na njia yake.

Uk. 16–17: Kushoto Tope na kupe wake. Kulia Milia kwenye nyasi ndefu, haoni mbele.

Uk. 18–19: Kivuli cha tai juu ya nyasi. Msomaji anakiona, Milia hajakiona.

Uk. 20–21: Milia anakimbilia shimoni, Tope anarudi nyuma na kuziba mlango kwa meno yake.

Uk. 22–23: Ndani ya shimo. Milia amejichimbia kijipango pembeni, sasa hakanyagwi.

Uk. 24: Asubuhi. Konokono anaruka hewani kuelekea pua ya Tope.

Tazama ukurasa wa 14 na wa 20. Tendo ni lilelile, la kuingia kinyumenyume. Mara ya kwanza lilimuumiza Milia, mara ya pili limemwokoa. Kwa hiyo hakuna haja ya Tope kusema kwamba marafiki hawapaswi kuchekana kwa tofauti zao. Waandishi wetu hupenda sana kumweka bundi mzee au kobe mwenye busara mwishoni aeleze funzo. Mwondoe. Mtoto aliyeona meno yale mlangoni ameshaelewa, na anayeelezwa jambo aliloshaelewa hufunga kitabu.

Panga pia kile kinachofichwa na karatasi. Jambo la kushtua liwe upande wa pili wa ukurasa wa kulia, ili mtoto afunue kulipata. Ndiyo maana kivuli cha tai kiko 18–19 na mlango umezibwa 20–21. Ukiviweka vyote kwenye kurasa zinazotazamana, jicho litaruka hadi kulia na hofu itakwisha kabla haijaanza.

Maneno

Lenga maneno 300 hadi 400 kwa kitabu kizima, yaani takriban 25 hadi 35 kwa kila picha. Sentensi isipite maneno tisa au kumi. Tangu mtaala wa mada ulipoanza mwaka 2007, shule nyingi za msingi hufundisha darasa la kwanza hadi la tatu (P1 hadi P3) kwa lugha ya eneo, kwa hiyo mtoto anayekutana na kitabu chako cha Kiswahili huenda anaweza kusoma vizuri Kiluganda au Runyankole lakini Kiswahili ndiyo kwanza anakijaribu. Anajua kusoma; anachokosa ni msamiati. Rudia maneno muhimu: kupe, mgongo, shimo, nyuma. Neno jipya likitokea mara moja tu litapotea.

Usiandike kile ambacho picha inaonyesha. Angalia sentensi hii: "Tope alifurahi sana kwa sababu alipata marafiki wapya waliomsaidia kutoa kupe waliokuwa wakimsumbua." Ni sahihi, na imekufa. Jaribu hivi:

Kupe mmoja. Kupe wawili. Kupe watatu.
Tope akafumba macho.

Furaha iko kwenye uso aliouchora mchoraji. Mwandishi na mchoraji wakiwa watu wawili, mwandishi akubali kufuta karibu theluthi moja ya maneno yake baada ya kuona michoro. Hapo ndipo urafiki wao wenyewe hupimwa.

Upatanisho wa kisarufi ukague mara mbili, kwa sababu watoto wataunakili. Wanyama wote huchukua a- na wa-: ngiri mkubwa anakula, ngiri wakubwa wanakula. Sentensi kama "ngiri kubwa inakula" husikika sana mitaani Kampala, lakini kitabuni itamfuata mtoto hadi kwenye mtihani. Rafiki naye ni rafiki mkubwa, ila rafiki yangu. Kuhusu wakati: anza tukio kwa -li-, kisha endelea kwa -ka-. "Jua lilizama. Tope akarudi shimoni. Akageuka. Akaingia kinyumenyume." Ukianza kitabu kwa -ka- bila -li- ya kuegemea, msomaji atahisi kama ameingia katikati ya mazungumzo ya watu.

Tumia sauti: puu, paa, chakacha chakacha. Watoto hudai zirudiwe, na mwalimu anayesoma kwa sauti hupata pa kupumzikia. Tatu au nne zinatosha kitabu kizima.

Michoro

Kabla ya picha ya kwanza, tengeneza karatasi ya mhusika kwa kila mnyama: mbele, ubavu, nyuma, akikimbia, akilala, akiogopa. Bila hiyo, Tope wa ukurasa wa 3 na Tope wa ukurasa wa 20 watakuwa ngiri wawili tofauti. Andika pembeni mambo yasiyobadilika. Macho ya ngiri yako juu sana kichwani. Meno ya juu ni marefu na yamepinda, ya chini ni mafupi. Dume ana vinundu vinne usoni, jike ana viwili. Kiswahili hakikulazimishi kusema kama Tope ni dume au jike, lakini mchoro utasema tu, kwa hiyo amua mapema. Milia ya nguchiro inakata mgongo kutoka upande hadi upande, na imekolea kuanzia katikati ya mgongo hadi mwanzo wa mkia. Ukiichora kwa urefu wa mgongo, au ukaifanya hafifu, watoto watamwita kindi.

Ukubwa ndio utakaokusumbua zaidi. Ngiri ana urefu wa sentimita 65 hadi 85 begani, nguchiro kama 20. Dume la ngiri linaweza kupita kilo 100, nguchiro ni kilo mbili hivi. Ukichora kwa kipimo halisi na kwa jicho la mtu mzima aliyesimama, Milia anakuwa doa la kahawia chini ya ukurasa, bila uso. Kuna njia tatu za kutoka hapo. Shusha jicho lako: chora kama vile umelala kifudifudi kwenye nyasi, Milia awe mbele na Tope nyuma yake. Au mpige Tope magoti. Akila kwa kawaida yake uso wake unashuka karibu na wa Milia, na mazungumzo yao yote yanaweza kufanyika hapo bila kudanganya maumbile. Au mpandishe Milia juu ya kichuguu. Unaweza pia kumkuza Milia kidogo hadi afike theluthi moja ya kimo cha Tope, mradi kipimo hicho kisibadilike hadi mwisho.

Tatizo la pili ni rangi. Ngiri ni kijivu cha udongo, nguchiro ni kahawia, nyasi za kiangazi ni kahawia, kichuguu ni kahawia. Kitabu kizima kitatoka kama kimefuliwa na viatu. Weka hadithi baada ya mvua, nyasi zikiwa kijani kibichi na udongo mwekundu, na acha nafasi nyeupe nyuma ya wahusika badala ya kujaza kila kona. Picha ya shimoni usiku usiijaze nyeusi tupu: wino mwingi huchelewa kukauka na huchafua ukurasa unaotazamana nao. Tumia buluu iliyokolea, wahusika wabaki wepesi.

Kwa vifaa, penseli ya 2B, kalamu ya wino usiofutika kwa maji, rangi za maji na karatasi nzito kidogo, gramu 200 kwa mita ya mraba kwenda juu, vinatosha. Karatasi nyembamba hujikunja ikilowa, na mikunjo huonekana kwenye skana. Chora kila ukurasa kwa A4 ili picha ipunguzwe hadi A5. Makosa madogo ya mkono hupungua nayo. Maandishi usiyaandike juu ya mchoro wenyewe. Yaongeze baadaye kwenye kompyuta, ili kesho ukitaka toleo la Kiacholi au Lusoga usichore upya.

Nakili mchoro kwa skana, dpi (nukta kwa inchi) 300 au zaidi. Ukilazimika kutumia simu, piga picha mchana kivulini karibu na mlango, simu ikiwa sambamba na karatasi. Taa ya simu izimwe, la sivyo kutakuwa na doa jeupe katikati. Kisha toa fotokopi nyeusi na nyeupe ya ukurasa mmoja. Shule nyingi zitakinakili hivyo utake usitake. Milia ya Milia ikipotea kwenye fotokopi, ongeza giza.

Kipimo na mpango wa kurasa

A5 ni milimita 148 kwa 210. Picha inayofika ukingoni iongezewe milimita 3 kila upande, ambazo zitakatwa: 154 kwa 216, sawa na pikseli 1819 kwa 2551 kwa dpi 300. Usipoacha ziada hiyo, kisu kikiyumba kidogo utaona mstari mweupe pembeni. Maandishi na macho ya wahusika yakae angalau milimita 10 ndani ya ukingo, maana karatasi za katikati husukumwa nje zikikunjwa pamoja na hukatwa zaidi kuliko za nje.

Herufi ziwe pointi 18 hadi 20. Fonti ya Andika, iliyotengenezwa na shirika la lugha la SIL kwa ajili ya wanaojifunza kusoma, inapatikana bure na herufi zake hazichanganyani.

Ukipanga kurasa mwenyewe, kumbuka 25: kila upande wa karatasi, namba mbili za kurasa zijumlishwe zipate 25. Karatasi ya kwanza mbele ni 24 na 1, nyuma 2 na 23. Ya pili ni 22 na 3, nyuma 4 na 21. Ya tatu 20 na 5, nyuma 6 na 19. Ya nne 18 na 7, nyuma 8 na 17. Ya tano 16 na 9, nyuma 10 na 15. Ya sita 14 na 11, nyuma 12 na 13. Kichapishi kigeuze karatasi kwa upande mfupi, sivyo nyuma itatoka kichwa chini.

Kutoka hapo utaona kwa nini kundi la nguchiro liko 12–13. Ndizo kurasa pekee za ndani zinazotazamana ambazo huchapwa pamoja kwenye uso mmoja wa karatasi. Kwingine kote, picha inayovuka katikati hukutana kutoka karatasi mbili tofauti, na mstari wa mgongo wa Tope unaweza kupishana milimita moja au mbili. Ukilazimika kuvuka, pitisha nyasi au anga katikati, kamwe si uso.

Jaribu kabla ya kulipa

Funga nakala moja ya penseli na uisome kwa watoto watano au sita wa P3 na P4. Usieleze kitu. Kwenye 18–19 nyamaza uone kama watanyooshea kidole kile kivuli. Wasipokiona, kivuli ni kidogo au hafifu. Funga kitabu, mwombe mtoto mmoja asimulie hadithi. Akiruka ugomvi wa shimoni, picha ya 14–15 haieleweki, na mara nyingi sababu ni kwamba Milia hakuonekana ndani kabla Tope hajaingia. Wakiuliza neno moja watoto watatu tofauti, badilisha neno.

Uchapaji

Nakala chache zichapwe kwa mashine ya dijitali. Mashine ya ofseti inahitaji sahani za chuma kwa kila rangi, na gharama ya sahani huleta faida pale tu nakala zinapokuwa mamia mengi. Barabara ya Nasser jijini Kampala ina wachapaji wa aina zote mbili wakiwa wamepakana, kwa hiyo uliza milango mitatu kabla ya kukubali bei. Taja kila kitu: A5, kurasa 24 na jalada, ndani gramu 130 isiyong'aa, jalada gramu 250, pini mbili mgongoni. Karatasi inayong'aa sana huakisi mwanga wa dirishani na watoto wa pembeni hawaoni.

Dai nakala moja ya mfano na uilipie. Kijani na buluu zinazowaka kwenye skrini ya simu hufifia kwenye karatasi, kwa kuwa skrini hutumia mwanga na mchapaji hutumia wino wa rangi nne. Ni afadhali kulijua hilo kwenye nakala moja.

ISBN huombwa Maktaba ya Taifa ya Uganda. Haki ya mwandishi inalindwa na sheria ya mwaka 2006 tangu kazi inapoandikwa au kuchorwa, na anayetaka kuisajili huenda URSB, ofisi ya serikali ya usajili. Ikiwa mchoraji ni mtu mwingine, andikeni mapatano ya ukurasa mmoja kabla ya penseli kugusa karatasi: nani anamiliki michoro, malipo ni mara moja au kwa kila toleo, na nani anaruhusu tafsiri. Ukitaka hadithi isomwe bure, African Storybook, mradi wa hadithi za watoto mtandaoni, hupokea hadithi zenye leseni huria, na wengine wataruhusiwa kuitafsiri na kuibadilisha. Mchoraji lazima akubaliane na hilo pia.

Vitabu vikifika, fungua maboksi dukani kwa mchapaji kabla ya kumalizia malipo. Chukua nakala kumi kutoka maboksi tofauti. Angalia pini zimepita mkunjo sawasawa na ncha zake zimelala ndani, maana ncha iliyosimama hukwaruza vidole vya watoto. Fungua 12–13, uhakikishe mgongo wa Tope haujakatika. Kisha hesabu kurasa.